Matumizi ya Wakati katika Mchezo wa Video wa Max Payne 2 na Namna Unavyomfasiri Upya Mtangulizi Wake

Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna mchezo wa video uitwao Max Payne 2: The Fall of Max Payne, uliotolewa mwezi Oktoba 2003, ulivyojengwa juu ya mtangulizi wake, Max Payne, uliotolewa Julai 2001. Michezo yote miwili ilitungwa na Remedy Entertainment, kampuni ya Finland iliyoanzishwa mwaka 1995, na maandishi yake ni kazi ya Sam Lake. Yote ni michezo ya ufyatuaji risasi ambamo kamera humfuata mhusika kutoka nyuma, na yote inategemea jambo moja kuu: mchezaji anaweza kupunguza kasi ya wakati katikati ya mapambano.

Swali linaloongoza mjadala ni hili: je, mwendelezo uliongeza tu makali ya chombo kilekile, au ulikipa chombo hicho maana nyingine? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ulikipa maana nyingine. Katika mchezo wa kwanza kupunguza kasi ya wakati ni ngao ya mtu mmoja aliyezingirwa na wengi. Katika mchezo wa pili ni malipo anayopewa kwa kuua, na malipo hayo huongezeka kadiri anavyozidi kuua. Badiliko hilo la kiufundi linakwenda sambamba na badiliko la msuko, kwani hadithi nayo inaacha kuwa ya kisasi na kuwa ya majuto. Hata hivyo, kuna mahali ambapo ufundi na hadithi havikutani, na mahali hapo panastahili kuchunguzwa bila kuoneana haya.

Msomaji aliyezoea uhakiki wa riwaya na tamthilia anaweza kujiuliza kama kazi ya aina hii inastahili zana zilezile. Jibu limo katika muundo wa kazi zenyewe. Kila mchezo umegawanywa katika sehemu tatu, na kila sehemu ina sura zenye vichwa vyake. Max Payne ni mhusika mkuu na papo hapo ni msimulizi wa nafsi ya kwanza, anayesimulia kwa wakati uliopita. Kati ya hatua moja na nyingine hadithi husogezwa mbele kwa visanduku vya picha zenye maandishi, mithili ya kitabu cha katuni, huku sauti ya mwigizaji James McCaffrey ikisoma maneno ya msimulizi katika michezo yote miwili. Mhakiki anayezungumza juu ya msuko, mtazamo, mbinu rejeshi na mwingilianomatini hatakosa la kusema.

Aina mbili za wakati, na ya tatu

Gérard Genette, katika kazi yake ya mwaka 1972 kuhusu usimulizi, alitenganisha wakati wa matukio yanayosimuliwa na wakati wa usimulizi wenyewe. Mwaka unaweza kupita katika sentensi moja, na dakika moja inaweza kujaza kurasa kumi. Jesper Juul, katika kitabu chake Half-Real cha mwaka 2005, alielekeza wazo linalokaribiana na hilo kwenye michezo: upo wakati anaoutumia mchezaji kucheza, na upo wakati wa ulimwengu wa kubuni, na uhusiano kati ya nyakati hizo mbili ndio unaopaswa kuchunguzwa.

Kinachoitofautisha michezo ya Max Payne ni kwamba uhusiano huo umewekwa mkononi mwa mchezaji. Katika utambaji wa ngano, fanani ndiye mwenye hatamu ya muda: hurefusha pale hadhira inaposhika pumzi na kuruka pale inapopiga miayo. Hadhira inaweza kumchochea, lakini haiwezi kumnyang'anya hatamu. Hapa hadhira ndiyo inayobonyeza kitufe, na sekunde moja ya ulimwengu wa kubuni hutanuka.

Upo wakati wa tatu ambao nadharia za riwaya hazikuuhitaji. Mchezaji anaweza kuhifadhi hali ya mchezo, kisha akifa akarudi pale alipohifadhi. Kwa hiyo mtu anayesimulia hadithi yake kwa wakati uliopita, kana kwamba yote yamekwisha, kwa kweli amekufa mara nyingi njiani, na vifo hivyo vyote vimefutwa. Suala hili litarejelewa, kwa sababu mchezo wa pili unaligusa kwa njia ambayo wa kwanza haukuigusa.

Ngao: mchezo wa kwanza

Kisa cha mchezo wa kwanza kinafahamika kwa urahisi. Mke na mtoto mchanga wa polisi wa New York wanauawa na watu waliolewa dawa ya kulevya iitwayo Valkyr. Miaka mitatu baadaye, akiwa amejipenyeza katika kundi la mafia, Max anasingiziwa mauaji ya rafiki yake Alex Balder, na usiku wa tufani ya theluji anaanza kupambana na kila aliye mbele yake mpaka amfikie Nicole Horne, mwenye kampuni iliyo nyuma ya dawa hiyo. Hesabu ya mapambano haimpendelei. Mchezaji huingia chumba chenye watu watano wenye bunduki, naye ni mmoja, na risasi chache zinatosha kumwangusha.

Chombo cha wakati kimekuja kusawazisha hesabu hiyo. Pembeni mwa skrini kuna kipimo chenye umbo la saa ya mchanga. Mchezaji akikiwasha, maadui, risasi na Max mwenyewe hupungua kasi, sauti hushuka na kuwa nzito, lakini mkono wa mchezaji unaolenga shabaha haupungui kwa kiasi hicho. Risasi huonekana zikipita hewani moja moja. Mchanga ukiisha, wakati hurudi katika kasi yake, na kipimo hujazwa tena kwa kuwaua maadui. Pia Max anaweza kujirusha pembeni, mbele au nyuma huku akifyatua, na kwa muda wote alio hewani ulimwengu hupungua kasi. Akishaanguka hana budi kuinuka, na muda huo wa kuinuka humwacha wazi kabisa.

Asili ya taswira hiyo si siri. Filamu za Hong Kong za John Woo zilikuwa zimezoesha watazamaji mtu anayeruka hewani na bastola mbili, na The Matrix ya mwaka 1999 ilifanya mwendo wa polepole wa risasi ujulikane dunia nzima wakati mchezo ulikuwa bado unatengenezwa. Lakini filamu humwonyesha mtazamaji mwendo huo pale mwongozaji alipoamua. Mchezo humwachia mchezaji achague ni nusu dakika ipi inayostahili kutanuliwa, na uchaguzi huo una gharama, kwani mchanga ni mchache. Ndiyo maana inafaa kuuita wakati wa mchezo wa kwanza akiba: hutunzwa kwa ajili ya chumba kibaya zaidi kilicho mbele.

Malipo: mchezo wa pili

Mwendelezo ulitengenezwa katika takriban nusu ya muda uliotumika kwa mtangulizi. Haki za jina la Max Payne zilikuwa zimenunuliwa na Take-Two Interactive mwaka 2002, na mchezo wa pili ukatolewa chini ya Rockstar Games. Ingekuwa rahisi kwa watunzi kuzalisha ramani mpya na bunduki mpya, wakaliacha shina kama lilivyo. Hawakufanya hivyo.

Badiliko la kwanza na kubwa ni hili: katika Max Payne 2, kila adui anayeuawa wakati chombo cha wakati kikiwa kimewashwa humwongezea Max kasi ikilinganishwa na ulimwengu unaomzunguka. Adui wa kwanza akianguka, Max hutembea kwa wepesi kidogo kuliko wengine. Wa pili, wa tatu, na hatimaye yeye hukimbia karibu kama kawaida miongoni mwa watu wanaosogea kama waliozama ndani ya asali. Skrini nayo hugeuka kuwa na rangi ya manjano iliyokolea. Akihitaji kubadilisha risasi katika hali hiyo, hujipinda na kuzunguka mwili mzima, kila kitu kikiwa kama kimesimama kumsubiri.

Inafaa kukaa kidogo juu ya matokeo yake, kwa kuwa hapa ndipo mwenendo wa mchezaji unapobadilika. Katika mchezo wa kwanza, mchezaji mwenye busara huwasha chombo, huua wawili au watatu, kisha hukizima ili asimalize mchanga. Katika mchezo wa pili, kuzima ni hasara, kwa sababu kasi iliyokusanywa hupotea. Anayekwenda mbele ndiye anayenufaika; anayejificha nyuma ya nguzo hapati kitu. Mchezaji aliyeujua mtangulizi vizuri hujikuta akikimbilia katikati ya chumba alichokuwa akikiogopa, kwa matumaini kwamba kifo cha huyu kitamnunulia muda wa kumuua yule. Akiba imegeuka kuwa uchu. Si bahati mbaya kwamba hadithi iliyoanzia kwenye dawa za kulevya, na ambayo mhusika wake hujitibu kwa kumeza vidonge vya kutuliza maumivu katika michezo yote miwili, imeishia na chombo cha kivita kinachofanya kazi kama kilevi.

Badiliko la pili ni la kujirusha. Tendo hilo halitumii tena mchanga wa kipimo, na Max akishaanguka anaweza kubaki amelala chini huku akiendelea kufyatua. Pengo lililomwacha wazi katika mchezo wa kwanza limezibwa. La tatu ni injini ya fizikia ya Havok. Katika mchezo wa kwanza, maadui walikufa kwa miondoko iliyotayarishwa kabla. Katika wa pili, mwili hupigwa na kurushwa kulingana na mahali ulipopatwa, huangukia rafu, rafu humwaga makopo, na yote hayo hutazamwa kwa kasi iliyopunguzwa. Wahakiki wa teknolojia walilipokea jambo hili kama pambo la kuvutia, na ni kweli linavutia. Lakini lina maana pia kwa mada hii: mtangulizi alipunguza kasi ya tendo la kupiga risasi, na mwendelezo unapunguza kasi ya matokeo yake.

Msuko unaorudi nyuma

Mchezo wa kwanza nao hutumia mbinu rejeshi. Huanza mwishoni, Max akiwa juu ya jengo refu na polisi wakimkaribia, kisha hurudi miaka mitatu nyuma. Lakini fremu hiyo ikishawekwa, safari ni ya mstari ulionyooka: adui mmoja huelekeza kwa mwingine, ngazi kwa ngazi, mpaka juu ya jengo lilelile. Taharuki yake ni ya kutaka kujua nani yuko nyuma ya yote.

Mchezo wa pili huanza hospitalini. Max ni majeruhi, na mwanzoni kabisa hadhira huelewa kwamba mpelelezi mwenzake, Valerie Winterson, amekufa na kwamba Max anabeba lawama ya kifo hicho. Ndipo hadithi inaporudi kwenye usiku uliotangulia, Max akiwa amerejea katika jeshi la polisi, alipoitwa kwenye ghala moja na kukutana tena na Mona Sax, muuaji wa kukodiwa aliyedhaniwa amekufa. Kutoka hapo kila tukio husomwa kwa uzito wa jambo ambalo hadhira tayari inalijua. Swali si nani muuaji, kwa maana muuaji ndiye anayesimulia. Swali ni alifikaje hapo. Jibu hupatikana kwenye eneo la jengo linalojengwa, Winterson anapomwelekezea Mona bastola na Max anamfyatulia risasi mwenzake. Kisha hadithi inaifikia hospitali, inaipita, na kuendelea hadi mwisho wake.

Msuko huo umetiwa nguvu na kubadilishwa kwa mtazamo. Katika baadhi ya sura mchezaji huwa Mona, na kwenye eneo hilohilo la ujenzi humlinda Max kutoka mbali kwa bunduki yenye darubini. Mtu aliyekuwa kitovu cha ulimwengu huonekana kwa mara ya kwanza kama umbo dogo linalokimbia kati ya nondo, asiyejua mangapi yanamnusurisha. Sura hizi ni chache na fupi mno kwa thamani yake, na huenda hilo ni moja ya mambo yaliyofanya walalamikaji waone mchezo mzima kuwa mfupi.

Mtangulizi anavyosomwa upya

Mwendelezo mzuri humlazimisha msomaji airudie kazi ya kwanza na kuona alichokosa. Max Payne 2 hufanya hivyo kwa njia kadhaa, na ya wazi zaidi ni milango ya lifti. Katika mchezo wa kwanza Mona anapigwa risasi akiwa ndani ya lifti, milango inafungwa, na inapofunguliwa tena mwili haupo. Mchezaji wengi walipita hapo haraka. Sura ya kwanza ya mchezo wa pili imepewa jina la milango hiyo, na tukio lililokuwa la pembeni linakuwa mbegu ya hadithi nzima ya mapenzi.

Vladimir Lem ni mfano mzito zaidi. Katika mchezo wa kwanza ni mhalifu wa Kirusi mwenye ucheshi ambaye humpa Max silaha ili wawashambulie maadui wa pamoja. Katika wa pili anakuwa rafiki, kisha anafichuka kuwa adui mkuu. Ufichuzi huo haubatilishi neno lolote lililosemwa katika mchezo wa kwanza. Msaada uleule unabaki, ila sasa unaonekana ulikuwa wa mtu aliyekuwa akisafisha njia yake kwa bunduki ya mwingine. Alfred Woden naye, aliyemkomboa Max kutoka kwenye mashtaka, anarudi kama seneta mgonjwa katika kiti cha magurudumu, na ukombozi wenyewe unaonekana kuwa deni.

Wakati mwingine usomaji huo hufanywa kwa kicheko. Vinnie Gognitti, ambaye Max alimkimbiza akiwa majeruhi katika mchezo wa kwanza, katika wa pili yumo ndani ya vazi la mhusika wa katuni lililotegwa bomu, na Max analazimika kumlinda. Na kwenye runinga zilizowashwa vyumbani kuna tamthilia iitwayo Dick Justice, ambayo mhusika wake hupitia kisa kinachofanana mno na kile cha mchezo wa kwanza, kikisimuliwa kwa tashbihi zilizopitiliza. Watunzi wanajicheka wenyewe. Mwingilianomatini huu una kazi: unamwambia mchezaji kwamba ile sauti ya kisasi iliyomsisimua mwaka 2001 imekuwa kipindi cha runinga, kitu cha kutazamwa na walinzi wanaosubiri zamu yao iishe.

Risasi ambayo mchezaji hafyatui

Sehemu ya pili ya mchezo wa pili imepewa kichwa kinachozungumzia uchaguzi wa mambo mawili, na msimulizi hulichukulia tendo la kufyatua risasi kama uchaguzi wa aina hiyo: ama unafyatua, ama hufyatui. Hadithi yote ya majuto inasimama juu ya wazo hili. Lakini risasi inayomuua Winterson hutoka katika onyesho ambalo mchezaji hana udhibiti wowote juu yake. Mamia ya watu wameuawa kwa kidole cha mchezaji, na kwa kila mmoja wao amepewa kasi zaidi kama zawadi. Yule mmoja ambaye kifo chake kinahesabiwa kuwa dhambi anauawa na watunzi.

Inawezekana kuitetea hali hiyo. Msimulizi anakumbuka jambo lililokwisha, na kumnyima mchezaji uwezo wa kulibadilisha ni kumweka katika nafasi ya Max, ambaye naye hawezi kulibadilisha. Utetezi huu una uzito, hasa kwa kuwa kifo cha Winterson kimetangazwa tangu hospitalini. Lakini hauondoi tatizo kabisa. Mfumo wa kasi unaoongezeka ungekuwa na nguvu kubwa zaidi kama, japo mara moja, uchu ule ungemfikisha mchezaji mbele ya mtu asiyestahili kuuawa na kumwacha abebe mwenyewe lawama ya mkono wake. Ufundi ulikuwa tayari umeandaa mtego, hadithi haikuutega. Namna ya ziada iitwayo Dead Man Walking, ambamo Max hubaki mahali pamoja na maadui hawaishi kuja mpaka afe, inalieleza zaidi wazo la mtu asiyeweza kuacha kuliko sura nyingi za hadithi kuu, ingawa haina hadithi hata kidogo.

Hapa ndipo wakati wa tatu, ule wa kuhifadhi na kurudia, unaporejea. Mchezo wa pili una miisho miwili. Katika ule ambao wachezaji wengi wameuona, Vladimir anampiga Mona risasi na Mona anafia mikononi mwa Max. Lakini anayeukamilisha mchezo katika kiwango cha juu kabisa cha ugumu, kiitwacho Dead on Arrival, huona Mona akipona. Mchezo wa kwanza ulikuwa na kiwango chenye jina hilohilo, lakini haukukipa mwisho wa peke yake. Ili kuufikia mwisho huo wa faraja, mchezaji hana budi awe ameimaliza hadithi kwanza na kukishuhudia kifo, kisha arudi mwanzo na kuipitia tena kwa mateso zaidi, akifa na kurudia mara nyingi asizoweza kuzihesabu. Max hana njia ya kurudi kwenye usiku ule. Mchezaji anayo, na bei yake imepangwa kuwa kubwa makusudi.

Mauzo ya Max Payne 2 hayakufikia matarajio ya wachapishaji, na mchezo wa tatu, wa mwaka 2012, ulitengenezwa na Rockstar bila Remedy. Mwezi Aprili 2022 kampuni hizo mbili zilitangaza makubaliano ya kuitengeneza upya michezo ya mwaka 2001 na 2003, na kuitoa kama kazi moja. Watengenezaji watalazimika kuamua ni wakati upi utakaotawala kazi hiyo: saa ya mchanga inayotunzwa, au ile inayojaza mwendesha wake kasi kwa kila anayeanguka. Uamuzi huo utaonekana tangu chumba cha kwanza chenye watu watano na bunduki.